Tukijua Dunia ni nukta, tutaacha kupigana?

"Shikamoo, Mwalimu. Nipo mwaka wa pili chuoni. Juzi niliona picha ya Dunia iliyopigwa kutoka mbali mno, nukta ndogo ndani ya mwali wa jua, nikaitazama hadi machozi yakanitoka. Tangu siku hiyo najiuliza: viongozi na matajiri wangeitazama picha hii wakaielewa, si vita vingepungua na mali ikagawanywa kwa haki? Kaka yangu ananicheka. Anasema hayo ni mawazo ya watu walioshiba, na kwamba kitakachowaunganisha binadamu ni adui wa pamoja tu. Nani kati yetu yuko karibu na ukweli?"

Marahaba, mwanangu. Machozi yale usiyaonee aibu mbele ya kaka yako. Nimefundisha elimu ya nyota kwa miaka mingi na picha hiyo bado hunifunga mdomo kila ninapoiweka mbele ya darasa. Ila swali lako linataka ushahidi, kwa hiyo nitajitahidi kutenganisha ninayoyatamani na yaliyokwisha kutokea.

Picha unayoisema ilipigwa na chombo cha Voyager 1 tarehe 14 Februari 1990, kikiwa kilomita takriban bilioni 6 kutoka hapa tulipo. Mwanaastronomia Carl Sagan aliiomba kwa miaka kadhaa kabla ya kukubaliwa, maana kisayansi ilionekana haina faida kubwa, na kulikuwa na hofu kwamba jua lingeharibu kamera. Dunia haikujaza hata pikseli moja, yaani kile kitone kidogo kabisa kinachounda picha. Miezi sita hivi baadaye, tarehe 2 Agosti, majeshi ya Iraki yaliingia Kuwait. Sisemi picha ilishindwa kazi; hakuna aliyeituma kwenda kuzuia vita vile. Naziweka tarehe hizi mbili pamoja kwa sababu sisi watu wa fani hii tumezoea kuisimulia picha ile kana kwamba ni dawa, na anayedai ana dawa lazima aonyeshe mgonjwa aliyepona.

Nikukubalie jambo moja kwanza. Kuna kitu hutokea ndani ya mtu anapokutana na ukubwa uliompita akili. Mwaka 2015 Paul Piff na wenzake walichapisha majaribio kadhaa kuhusu hali hiyo. Katika jaribio moja, wanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley huko Marekani walisimama dakika moja tu wakitazama juu kwenye mikaratusi mirefu, na wenzao wakatazama jengo. Kisha mtu akaangusha kalamu mbele yao, kana kwamba kwa bahati mbaya. Waliokuwa wakitazama miti waliokota kalamu nyingi zaidi, na walipoulizwa walionekana kujikweza kidogo kuliko wenzao. Kama miti inaweza kumfanyia mtu hivyo, itakuwaje anga zima? Hapo ndipo ulipo moyo wako, na hauko mahali pa kijinga.

Lakini kuokota kalamu ni jambo la nusu dakika na halimgharimu mtu kitu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwafungulia watu darubini usiku, hasa Zohali inapokuwa angani, kwa sababu sijamwona anayetazama pete zile kwa jicho lake mwenyewe mara ya kwanza akaondoka kama alivyokuja. Nimewaona watu wazima wakishika kifua. Na nimewaona watu walewale, dakika kumi baadaye, wakisukumana kwenye foleni ya kutazama mara ya pili, mwenye sauti kubwa akimpita mtoto aliyetangulia kufika. Mshangao wao ulikuwa wa kweli kabisa. Kilichokosekana ni utaratibu wa foleni. Usiku uliofuata niligawa namba, na tangu hapo sijaona tena watu wakisukumana mbele ya darubini yangu. Tukio hilo dogo limenifundisha kuhusu swali lako kuliko vitabu vingi, na utaniona nikilirudia.

Tuwatazame waliokwenda huko juu wenyewe. Mwaka 1985 Sultan bin Salman Al Saud, Mwarabu wa kwanza kufika anga za juu, alisimulia kwamba siku ya kwanza kila mmoja ndani ya chombo alikuwa akionyesha nchi yake. Siku ya tatu au ya nne wakawa wanaonyesha mabara. Siku ya tano wakaiona Dunia moja tu. Nayapenda sana maneno hayo. Lakini mwaka mmoja kabla, Rakesh Sharma, Mhindi wa kwanza kwenda huko, aliulizwa na Waziri Mkuu Indira Gandhi India inaonekanaje kutoka juu, naye akajibu kwa mstari wa shairi la kizalendo unaosema kwamba nchi yao inaishinda dunia yote kwa uzuri. Simlaumu, ningeulizwa na kiongozi wa nchi yangu watu wote wakisikiliza, huenda ningejibu vivyo hivyo. Nataka uone tu kwamba Dunia ileile, kutoka urefu usiotofautiana sana, ilimpa mmoja sayari na mwingine ikamrudishia kwao.

Julai 2022 ikaja picha iliyoniuma zaidi. Wanaanga watatu wa Urusi, wakiwa ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, walionekana wameshika bendera za Luhansk na Donetsk, maeneo ya Ukraine ambayo jeshi la nchi yao lilikuwa likiyapigania. Kituo kile huizunguka Dunia mara moja kila dakika 90 hivi, na wakazi wake huona jua likichomoza mara 16 kwa siku. Ni watu wachache mno katika historia waliopata muda wa kuitazama Dunia kama wao. Kama kutazama peke yake kungetosha, bendera zile zisingepanda.

Sasa angalia upande wa pili wa habari hiyohiyo. Vita vikiwa vimekwisha kuanza, tarehe 30 Machi 2022 Mmarekani Mark Vande Hei alirudi nyumbani ndani ya chombo cha Soyuz akiwa na Warusi wawili, wakatua salama Kazakhstan, na kazi za kituoni ziliendelea. Kwa nini ushirikiano huo haukuvunjika ilhali ushirikiano mwingine mwingi ulivunjika? Kwa sababu kituo kilijengwa namna ambayo hakuna upande unaoweza kukiendesha peke yake. Injini za upande wa Urusi ndizo zilizotegemewa kukiinua kisishuke, na umeme mwingi ulitoka kwenye paneli za jua za upande wa Marekani. Waliokichora miaka ya 1990 walizifunga nchi hizo kwa kamba moja, na kamba ilishika hata nyuso zilipogeuziana visogo.

Utasikia pia kwamba kutoka juu mipaka haionekani. Hata mimi niliwahi kuyasema hayo darasani, na leo nayafuta. Mwaka 2011 wanaanga walipiga picha ya usiku inayoonyesha mpaka wa India na Pakistan kama uzi wa rangi ya machungwa, kwa sababu sehemu kubwa ya mpaka huo imewekwa taa za ulinzi. Rasi ya Korea usiku ni hivyo hivyo: kusini kumejaa mwanga, kaskazini kuna giza lenye kitone kimoja cha Pyongyang, hata mtu asiyejua ramani angedhani kati ya Korea Kusini na China kuna bahari. Mchana, mpaka wa Haiti na Jamhuri ya Dominika unajionyesha mahali pengi kwa miti, upande mmoja kijani na upande wa pili udongo ulioachwa wazi. Kwa hiyo anayetaka kuona ukosefu wa usawa kutoka juu atauona bila shida. Anayetaka kutouona, atasifu bahari.

Na hapa ndipo penye jambo linalonisumbua kuliko yote: ile hoja ya udogo. Umeandika kwamba viongozi wangejiona wadogo na kuacha. Lakini ukisogea mbali vya kutosha, kila kitu hudogeka pamoja. Ulimwengu una miaka takriban bilioni 13.8, galaksi yetu peke yake ina nyota zaidi ya bilioni 100. Kwa kipimo hicho kiti cha mtawala ni vumbi, sawa, lakini na sahani tupu ya mtoto ni vumbi. Ugomvi wa mipaka ni upuuzi, na aliyeuawa katika ugomvi huo naye hahesabiki. Umbali haubagui. Ndiyo maana watu walewale wanaweza kuutumia kufundisha unyenyekevu asubuhi na kuutumia kujiondolea lawama jioni.

Historia inatoa mifano. Mfalme wa Roma Marcus Aurelius alijikumbusha kwa maandishi kwamba Asia na Ulaya ni pembe tu za ulimwengu, na bahari yote ni tone. Aliyaamini hayo kwa dhati. Na bado alikaa miaka mingi mstari wa mbele akipigana na makabila ya ng'ambo ya mto Danube, na utumwa uliendelea chini ya utawala wake kama kawaida. Karibu zaidi na zama zetu, picha ya kwanza kabisa ya Dunia kupigwa kutoka anga za juu ilipigwa tarehe 24 Oktoba 1946 huko White Sands, Marekani, kwa kamera iliyofungwa kwenye kombora la V-2 lililofika urefu wa kilomita 105 hivi. Makombora hayo yalikuwa yametengenezwa Ujerumani na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora, ambako takriban watu 20,000 walikufa. Wernher von Braun, kiongozi wa wahandisi wa kombora lile, aliota safari za sayari tangu ujana wake. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na nyota moyoni mwake tangu utotoni na asione aliyelala chini ya mguu wake. Nikiwaambia wanafunzi habari hii darasa hunyamaza, na mimi huacha wanyamaze.

Hapo kaka yako ana haki yake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kupanda juu zaidi hakumfanyi amjue. Tarehe 15 Julai 1969, siku moja kabla ya Apollo 11 kuruka, mchungaji Ralph Abernathy alifika karibu na kituo cha kurushia roketi akiwa na mamia ya watu, familia maskini na mikokoteni ya nyumbu, kuuliza nchi inawezaje kwenda Mwezini wakati watoto wake wanalala njaa. Mkuu wa NASA, shirika la anga la Marekani, Thomas Paine, alitoka kwenda kuzungumza naye. Alimwambia kwamba kama kutobonyeza kitufe cha kurushia roketi kungemaliza umaskini, wasingekibonyeza. Abernathy alisema anawaombea wanaanga usalama. Walizungumza kwa heshima, na ninaamini wote wawili walisema kweli. Roketi haikuwa imechukua chakula cha watoto wale. Uamuzi wa kutowalisha ulifanywa na watu wengine, katika ofisi nyingine, bila hesabu yoyote ya Mwezi.

Mwaka uliofuata mtawa aliyekuwa akifanya kazi Zambia, Sista Mary Jucunda, alimwandikia mwanasayansi Ernst Stuhlinger wa NASA swali hilohilo: unatakaje fedha za kwenda Mirihi wakati kuna watoto wanaokufa njaa? Stuhlinger alimjibu kwa barua ndefu yenye upole, akaambatanisha picha ya Dunia ikichomoza juu ya upeo wa Mwezi, iliyopigwa na William Anders wa Apollo 8 mkesha wa Krismasi 1968. Hoja zake nyingi nazikubali, hasa ile ya kwamba setilaiti zingesaidia kilimo na utabiri wa hali ya hewa, jambo lililokuja kuwa kweli. Lakini Stuhlinger naye alikuwa mmoja wa wahandisi wa V-2, na katika kumbukumbu zangu swali la sista linabaki na uzito kuliko jibu. Ni yeye aliyekuwa amekaa na watoto.

Zingatia nani anaambiwa ni mdogo. Aliyenyang'anywa shamba hahitaji galaksi kumfundisha udogo; anaujua tangu siku ya kwanza mbele ya dawati la karani. Ukimwambia kwamba mbele ya nyota ugomvi wake si kitu, umemsaidia aliyemnyang'anya. Maneno hayohayo, yakisemwa na mnyonge kumwambia mkubwa, yana nguvu nyingine kabisa: wewe na mimi tumetokana na vumbi moja la nyota, chuma kilicho katika damu yako na kilicho katika yangu vilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla ya Jua kuzaliwa, sasa nionyeshe hati ya ukubwa wako. Kwa hiyo ninapoulizwa kama mtazamo wa anga unaleta haki, mimi huuliza kwanza nani amesimama wapi anapousema.

Baada ya kukukatisha tamaa kiasi hicho, nikuonyeshe mgonjwa aliyepona. Wapo, ila hawakupona kwa njia uliyoitarajia.

Machi 1967 Rais Lyndon Johnson alisema mbele ya watu kwamba hata kama mpango wa anga usingeleta kitu kingine, picha za kutoka juu peke yake zilikuwa na thamani mara kumi ya gharama yote, kwa sababu sasa walijua idadi ya makombora ya adui, na makadirio yao ya zamani yalikuwa yamekosea vibaya. Walikuwa wakijenga vitu visivyohitajika na kuogopa hofu zisizo na msingi. Miaka mitano baadaye, mwaka 1972, Marekani na Umoja wa Kisovyeti walitia saini mikataba ya kupunguza mashindano ya silaha, na ndani yake wakakubaliana kwamba kila upande utamkagua mwenzake kwa vyombo vyake mwenyewe, setilaiti zikiwemo, na hakuna atakayeviingilia. Hakuna aliyelia kwa uzuri wa Dunia. Kulikuwa na watu wawili wasioaminiana ambao, kwa sababu ya jicho lililokuwa juu, waliweza kuhesabiana bila kuchukua neno la mtu. Mimi huo nauita mtazamo wa anga uliofanya kazi, ingawa hautapata bango ukutani.

Mfano wa pili ulianzia sayari nyingine. Chombo cha Mariner 9 kilipofika Mirihi Novemba 1971 kiliikuta sayari nzima imefunikwa na tufani la vumbi. Wanasayansi waliokuwa wakisubiri picha hawakuwa na la kufanya ila kupima joto, wakaona kwamba chini ya vumbi ardhi imepoa wakati hewa ya juu imepashwa. Baadhi yao, Sagan akiwemo, waliibeba hesabu hiyo hadi Duniani na kuuliza moshi wa miji inayoungua baada ya vita vya nyuklia ungefanya nini. Mwaka 1983 walichapisha jibu: baridi na giza ambavyo vingeharibu mavuno hata ya nchi zisizorushiwa bomu lolote. Wanasayansi wa Kisovyeti walifanya hesabu zao wenyewe na kufika karibu na hapo. Mikhail Gorbachev alisema baadaye kwamba hesabu hizo za pande zote mbili zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyomsukuma. Katikati ya miaka ya 1980 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia zaidi ya 60,000. Leo vipo takriban 12,000. Sababu ni nyingi, uchumi na maandamano ya raia yakiwa kati ya zilizo kubwa, na 12,000 bado ni vya kutosha kutuangamiza. Lakini ni kweli pia kwamba vumbi la Mirihi lilimfundisha binadamu kwamba hakuna mshindi, na lilimfundisha kwa namba.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ozoni. Karibu robo tatu ya hewa yote inayotuhifadhi imo ndani ya kilomita 11 hivi za kwanza kutoka ardhini, umbali ambao mtu hutembea kwa saa mbili na kitu. Ozoni yenyewe, inayotukinga na miali mikali ya jua, ukiikusanya yote na kuilaza chini usawa wa bahari ingefanya tandiko la unene wa milimita 3 hivi. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za majokofu na makopo ya kupulizia zinaweza kulila tabaka hilo. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba juu ya Antaktika tayari linayeyuka kila mwaka majira yakifika, na picha za setilaiti zikalichora tundu lile kwa rangi, mtu yeyote akaliona. Septemba 1987 mkataba ulitiwa saini Montreal.

Sikiliza kilichofuata, maana ndipo penye jibu la nusu ya swali lako, ile ya usawa. India na China zilikataa kujiunga mwanzoni. Zilisema, kwa haki kabisa, kwamba tundu limetobolewa na nchi tajiri zilizokwisha kufaidi majokofu, na sasa maskini wanaambiwa wasubiri. Picha ya tundu haikuwashawishi. Kilichowashawishi ni makubaliano ya London ya mwaka 1990: mfuko maalumu, ukilipiwa na nchi zilizoendelea, wa kugharamia mabadiliko ya viwanda katika nchi zinazoendelea, pamoja na muda mrefu zaidi wa kutekeleza. Kufikia 2009 nchi zote za Umoja wa Mataifa zilikuwa zimeuridhia. Gesi zilizopigwa marufuku zimeondolewa karibu zote, na tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba juu ya sehemu kubwa ya Dunia ozoni itarudi ilivyokuwa mwaka 1980 ifikapo 2040 hivi, na juu ya Antaktika ifikapo 2066 hivi. Jicho la juu liliona, wanakemia wakaeleza, aliyeharibu zaidi akalipa zaidi, na aliyechelewa kufaidi akapewa muda. Toa kimoja kati ya hivyo na nadhani tundu lingekuwepo hadi leo.

Angani kwenyewe usawa haujaja bure. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unasema anga ni la binadamu wote na hakuna nchi inayoweza kulimiliki. Maneno mazuri. Lakini juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, kuna njia moja ambayo setilaiti ikiwekwa hubaki juu ya mahali palepale, na nafasi za njia hiyo zilichukuliwa na waliotangulia kuwa na roketi. Desemba 1976 nchi za ikweta zilikutana Bogotá, zikiwemo Kolombia, Ekwado, Indonesia, Kongo, Zaire, Uganda na Kenya, zikadai kwamba sehemu ya njia hiyo iliyo juu ya ardhi yao ni mali yao. Kisheria dai hilo halikusimama, na binafsi nadhani lilikuwa dai baya kwa sababu nzuri. Lakini kelele zile zilisaidia kusukuma mazungumzo ambayo, kufikia mwaka 1988, yalizaa mpango wa kimataifa unaomhifadhia kila nchi angalau nafasi moja, hata kama haina roketi wala setilaiti. Tena ni zile namba za kwenye foleni.

Nimrudie kaka yako na adui wake wa pamoja. Hoja yake ina ushahidi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwagawa wavulana katika makundi mawili kwenye kambi ya Robbers Cave, Oklahoma, akayashindanisha hadi yakachukiana. Kuwakalisha pamoja kula na kutazama sinema hakukusaidia, walirushiana chakula. Walipotengenezewa matatizo ambayo hakuna kundi lingeweza kuyatatua peke yake, maji yaliyokatika, gari lililogoma kuwaka, uadui ukaanza kushuka. Sawa. Lakini kiu ya wavulana wale ilikuwa sawa kwa kila mmoja. Mwaka 2020 tulipata adui wa pamoja wa kweli, kirusi kisichojali pasipoti, na mwisho wa 2021 nchi tajiri zilikuwa zikitoa dozi ya tatu ya chanjo wakati barani Afrika aliyekamilisha chanjo alikuwa chini ya mtu 1 kati ya 10. Adui alikuwa mmoja, ngao hazikugawanywa.

Hata jiwe kutoka angani, ambalo nadhani ndilo kaka yako analolifikiria, si rahisi hivyo. Septemba 2022 chombo cha DART kiligongeshwa kwa makusudi kwenye Dimorphos, mwezi mdogo unaoizunguka asteroidi, yaani jiwe kubwa la angani, na mzunguko wake wa karibu saa 12 ukapungua kwa zaidi ya nusu saa. Kwa hiyo kusukuma tunaweza. Tatizo ni kwamba asteroidi inayokuja ikisukumwa, mahali itakapoangukia husogea juu ya uso wa Dunia kwenye mstari, nchi baada ya nchi, hadi itoke kabisa. Ukiisukuma nusu ya inavyotakiwa, umeihamisha hatari kutoka kwa watu hawa kwenda kwa wale, ambao jana walikuwa salama.

Tarehe 13 Aprili 2029 asteroidi Apophis, yenye upana wa zaidi ya mita 300, itapita takriban kilomita 32,000 tu kutoka hapa, chini ya zile setilaiti za ikweta. Haitatugonga, hesabu zake zimekaguliwa vizuri. Sehemu kubwa ya Afrika, Ulaya na Asia ya magharibi itaweza kuiona bila darubini, kama nyota ndogo inayotembea. Usiku huo mtoe kaka yako nje. Mkiwa mnaifuata kwa macho, muulize: kama ingekuwa inakuja kweli, na usukani ni mmoja, angependa ushikwe na nani, na wale ambao hatari ingepitishwa juu yao wawe wameulizwa vipi? Akikujibu, niandikie.